Manda

Mama alipanga vidonge vya unga, kimoja juu ya kimoja,
baina yake mafuta, na juu ya mafuta vumbi la unga mkavu,
kisha akavisukuma vyote pamoja hata vikawa kitu kimoja,
kipana, chembamba, taa ya koroboi ukaiona upande wa pili.
Chumani, dakika haikutimia. Vidole vyake,
ambavyo viliacha kuogopa moto kabla sijazaliwa,
vikaingia ukingoni na kuambua: moja, mbili, tatu, nne.
"Siri i baina," alisema. "Ukikosea baina
huna manda, una chapati ngumu."

Swabaha binti Mselem. Kibokoni, ua wa nyuma.
Alinisomesha kwa sambusa za harusi za watu.

Mimi natengeneza vyombo vya hospitali. Chumba changu
kiko Tudor, juu ya duka la betri za pikipiki,
na feni yenyewe hunirudishia moshi wa risasi usoni.
Huletewa vipima presha, huletewa mizani za watoto,
na vile vibanio vya kidole, vya kupimia hewa ndani ya damu.
Vingi huja vimekufa kwa chumvi. Kisiwa hiki
hula waya kabla mwenyewe hajamaliza deni.

Nilikipasua kimoja nikakitia chini ya darubini.
Taya la juu lina chembe mbili, mtama ni jitu mbele yake:
moja ya mwanga mwekundu, moja ya mwanga usioonekana na jicho.
Taya la chini, kiraka cheusi. Kimya.

Nikasoma. Kila chembe ni tabaka juu ya tabaka:
galiamu, indiamu, aluminiamu, fosforasi,
mvuke ulioshuka juu ya kigae cha moto ukatulia, ukashika,
wembamba ambao unywele mmoja ungepasuliwa mara elfu
na bado ukawa mnene.
Tabaka la kati ndilo nyama. La juu na la chini ni kuta.
Elektroni huporomoka humo, hukuta tundu, hulijaza,
na ile ziada, ile isiyo na pa kwenda,
ndiyo nuru.

Nikacheka peke yangu, pasi mkononi. Baina!

Nusukipitishi, ndivyo waziitavyo. Si shaba, si kioo:
mlango ulioshindikwa tu, wangoja wa kuusukuma.
Na kile kiraka cheusi? Kazi ni ile ile, kinyumenyume.
Nuru ikibisha, elektroni huamka, huacha tundu nyuma yake,
na umeme hutiririka.
Mmoja msemaji, mmoja msikizi,
na kidole cha mtu katikati.

Mwezi wa Rajabu, kitanda cha kumi na saba,
muuguzi Mbodze alimbana mama kwa kile kile nilichokiunga.
Nilikijua kwa kovu la risasi kwenye bawaba.
Kidole cha shahada: kikasita, kikaandika vistari.
Cha pete: vistari.
"Ngozi hii nene," akasema Mbodze. "Mama ni mpishi?"
Akajaribu cha mwisho, kile kidogo
ambacho mama alikikunja kila alipoambua,
kisicho na kazi, laini kama cha mtoto mchanga.
Wekundu ukapita. Ukucha ukawaka.
Themanini na nane.

"Nini hiki mwanangu, chaniambua?"
"La, mama. Chatazama baina."
Akanyamaza kidogo. "Haya. Chumvi isizidi."

Usiku alifunika mkono kwa leso,
wekundu ukavuja kwenye maua ya kitambaa.
Themanini na saba. Themanini na nane. Themanini na sita.
Miaka kumi na mbili naapa mbele ya madaktari
kwamba changu hakidanganyi.
Nilikaa pale hadi adhana ya alfajiri
nikiomba kiwe kimekosea.